Nchi Isiyo na Ila

Nchi hiyo ilikuwapo, na mpaka asubuhi ya leo ilikuwa bado ipo. Habari za mchana sinazo. Jina lake nimekatazwa kulitaja, na walionikataza wamenikataza pia kusema kwamba nimekatazwa, kwa hiyo tukubaliane tu kwamba nimelisahau. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa mrefu, na ina watu wenye adabu kupita kiasi.

Adabu yao ni hii. Mtu wa nchi hiyo ukimuuliza habari, lazima aanze na nzuri. Aliyeibiwa atakwambia, "Nzuri, ila nimeibiwa." Aliyeunguliwa na nyumba atakwambia, "Salama, ila tumelala nje." Hata aliye kitandani, pumzi inapanda na kushuka kwa taabu, ukimwambia hujambo atajibu sijambo kwanza, atameza mate, ndipo atie ila. Si uongo, jamani! Mstaarabu hamwagi shida zake kizingitini. Kwa hiyo kila mwenye akili timamu katika nchi hiyo anajua kwamba mambo yote ya maana yanakaa nyuma ya ila, na akiisikia anauliza hapo hapo, "Ila nini?" Wasiojua ni serikali tu, nao tuwasamehe, maana wana vikao vingi.

Basi alikuwako mwanamke mmoja muuza bajia, jina lake Sihaba. Jina lenyewe lilimsumbua tangu utotoni, kwa sababu kila akiulizwa "Nani wewe?" akajibu "Sihaba", watu walidhani anaitikia salamu, nao wakashukuru Mungu na kupita. Bi Sihaba alikuwa na mguu wa kushoto wa kawaida na mguu wa kulia wenye matende, uliovimba kuanzia gotini mpaka vidoleni ukawa na mikunjo kama ya mtoto mchanga aliyenona.

Kila Ijumaa asubuhi yeye na wenzake wenye maradhi hayo walikutana barazani kwa Bwana Chande, fundi cherehani mwenye matende miguu yote miwili, ambaye cherehani ya kukanyaga ilishamshinda akahamia ya mkono. Kila mmoja alikuja na beseni lake, taulo lake na kipande chake cha sabuni. Waliosha miguu taratibu na kukausha vizuri katikati ya vidole, maana hapo ndipo vidonda vinapoanzia, na vidonda ndivyo vinavyoleta homa, na homa ikishuka inaacha mguu mkubwa kuliko ilivyoukuta. Kisha waliinua miguu juu ya vigoda wakapiga soga. Chande ndiye aliyekipa kikundi jina: Kikundi Kidogo cha Wenye Miguu Mikubwa. Mmoja akisema, "Sijambo, ila…", wote waliitikia kwa pamoja kama wako ngomani, "Ila niniii?" Na mwenye ila alisema lake mpaka likaisha.

Ila kubwa kuliko zote ilikuwa ya kila mtu. Dawa ya homa ile, na muuguzi anayejua kusafisha vidonda vyake, vilipatikana mahali pamoja tu, Kliniki ya Miguu katika hospitali kuu. Na Kliniki ya Miguu ilikuwa ghorofa ya nne.

Lifti? Ilikuwapo. Ilichorwa ukutani siku ya uzinduzi, pamoja na vitufe vyake na kioo, na mchoraji alisifiwa sana kwenye hotuba. Wageni wengine mpaka leo husimama mbele yake wakibonyeza.

Sihaba alijikokota mpaka juu mara moja moja, akipumzika kila ghorofa. Chande hakuweza tena, na muuguzi hakuruhusiwa kutoa dawa ya mguu asiouona. Homa ilimpata mara kwa mara, akatetemeka na kuwaita wateja waliokufa zamani waje kuchukua suruali zao. Mara ya mwisho Sihaba alimshika kichwa mpaka ikapoa. Aliogopa. Aliona wazi kwamba homa nyingine mbili tatu za namna ile zitamwondoa fundi yule duniani, na yote kwa sababu ya ngazi.

*

Siku moja Mkuu wa Nchi alirudi kutoka mkutano mkubwa wa afya huko ng'ambo. Katika mkutano ule alilala, kama ilivyo haki ya mtu aliyesafiri, akazinduka msemaji mmoja aliposema kwamba siku hizi utafiti wote unamweka mgonjwa katikati. Neno lile likamkaa moyoni. Aliposhuka tu kwenye ndege akatangaza redioni, "Ndugu wananchi, kuanzia leo mgonjwa atakuwa katikati! Asiyetaka kumweka katikati atuachie nchi yetu!"

Makofi yalipigwa mpaka redio zikakoroma. Kesho yake Wizara ya Afya iliajiri wapima ardhi.

Walipima wiki nzima. Wakagundua kwamba katikati ya nchi ni kwenye tope la shamba la mpunga la mzee mmoja aliyekuwa hana habari. Wakamtafuta mgonjwa wa jino, wakamkalisha pale kwenye kiti cha plastiki, wakampiga picha na mawaziri watatu waliovaa mabuti. Mgonjwa akarudi kwao na jino lile lile, na malaria juu yake. Wizara ikaandika kwamba awamu ya kwanza imevuka malengo.

Awamu ya pili ikapewa Profesa Sewando, Mlezi Mkuu wa Sauti za Wagonjwa, mwanamume mnene mwenye sauti tamu, ambaye hakuwahi kuugua hata mafua kwa kuwa hakuwa na nafasi. Kazi yake ilikuwa kuvisaidia vikundi vidogo vya mitaani kushiriki utafiti. Sihaba alisikia tangazo redioni akiwa anageuza bajia, na bajia zikaungua.

"Mmesikia?" aliwauliza wenzake barazani. "Wanataka wagonjwa wenyewe! Tukawaulize lile swali letu."

"Swali la ngazi?" Chande aliuliza.

"Lipi tena? Profesa mzima akiuliza kwa nini kliniki ya miguu iko juu, wataona haya wenyewe."

Chande alicheka mpaka beseni likamwagika. "Bi Sihaba we! Ushaona serikali ikiona haya?"

*

Ofisi ya Kuvisaidia Vikundi Vidogo ilikuwa, namshukuru Mungu, ghorofa ya chini. Profesa Sewando aliwapokea kwa mikono miwili. Pembeni yake alikaa karani wake, msichana aitwaye Tumsifu, amevaa viatu vya visigino virefu vya sare ya kazi na ameshika mashine ndogo ya kurekodia majibu.

"Karibuni sana, waheshimiwa wagonjwa!" alisema Profesa. "Kikundi chenu kina ukubwa gani?"

"Kidogo tu, baba," Sihaba alijibu.

"Vizuri. Kidogo kiasi cha kuwa na matawi mikoa yote?"

"Mikoa yote tena? Tuko baraza moja."

Profesa alisikitika kweli kweli. "Mama yangu, kanuni inasema kikundi kidogo ni kile chenye matawi mikoa yote. Nyinyi ni wadogo hadi hamfikii udogo."

"Na kikundi kikubwa ni kipi, mheshimiwa?" Chande aliuliza.

"Hicho ni wizara."

Lakini Profesa alikuwa na moyo wa huruma, nami sipendi asingiziwe. Aliizunguka meza, akawatazama kwa makini kuanzia chini, uso wake ukang'aa. Akaamuru kwamba kila mguu wenye matende uhesabiwe kuwa tawi. Hapo hapo kikundi kikapata udogo unaotakiwa. Chande, mwenye matawi mawili, alianza siku ile kujiita mkurugenzi wa kanda.

"Sasa tuna swali letu moja, baba," Sihaba alisema. "Tungependa utafiti uulize kwa nini Kliniki ya Miguu iko ghorofa ya nne."

"Swali zuri sana!" Profesa alipiga meza kwa furaha. "Zuri mno! Lakini mama, nyinyi mko katikati. Maswali yanatoka pembeni, kwa wataalamu. Mgonjwa akianza kuuliza maswali atasogea pembeni, na katikati atabaki nani?"

Sihaba alitafuta kosa katika maneno yale. Yalikuwa mengi, hakujua aanze na lipi.

Wakapelekwa semina ya kujengewa uwezo wa kuugua kwa ushirikishwaji. Walifundishwa kunyoosha mkono bila kusema kitu, kupiga makofi ya aina tatu, na kutamka bila kuteleza, "Tumefurahi kushirikishwa." Chande alitoka na cheti cha mgonjwa mwandamizi.

*

Siku ya utafiti ikafika. Katika ukumbi wa chini wa hospitali, mpima ardhi alinyoosha kamba kutoka pembe hadi pembe, akachora kwa chaki duara mahali kamba zilipokutana. Wagonjwa wakakalishwa ndani ya duara wamepeana migongo. Wataalamu wakakaa kuwazunguka. Ngazi zilionekana pale pale upande wa kushoto, zikipanda kwenda kusikofikika.

Ukaletwa mdahalo wa ufunguzi, ukaletwa ufunguzi wa mdahalo, kisha likaletwa sinia la bajia. Sihaba alizitambua. Alizikaanga mwenyewe alfajiri, kwa oda ya wizara. Sinia likazunguka mkono kwa mkono kwa wataalamu wote, likarudi jikoni tupu. Katikati halikufika, kwa kuwa katikati hapakuwa na mhudumu.

"Tuko katikati kweli kweli," Chande alinong'ona.

Tumsifu akaingia ndani ya duara na mashine yake. Alikuwa binti mwenye malezi, akapiga goti kidogo mbele ya Sihaba.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, ila…"

Tumsifu akabonyeza. Mashine ikalia ti.

"Habari za mguu?"

"Nzuri, ila mwanangu, mguu huu…"

Ti.

"Habari za kupanda ngazi za kliniki?"

"Nzuri, ila mbona hunisubiri nimalize?"

Ti. Tumsifu akainamisha macho. "Mashine inapokea neno la kwanza tu, mama. Yanayofuata inasema ni marudio."

"Basi nianze na ila."

"Nimejaribu kwa mzee wa kabla yako. Ukiiandikia ila inazima."

Mtasema, si waseme tu mbaya? Kusema ni rahisi. Chande alijaribu. Binti alipomwamkia vizuri vile, kwa heshima, na goti chini, fundi alikunja uso, akavuta pumzi, akashika magoti yake mawili makubwa. "Mb… mb… mzima, mwanangu," akasema, jasho likimtoka. Ulimi uligoma. Kumjibu mtoto wa watu mbaya usoni! Angelala wapi usiku ule na aibu ile?

Tumsifu alipokuwa anainuka, Sihaba aliona anachechemea. "Na wewe, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama, ila…" Binti akageuka kumtazama Profesa.

"Ila nini?" Sihaba aliuliza, kama ambavyo angemuuliza mtu yeyote.

"Ila viatu. Vinaniua."

Mashine ikalia ti yenyewe, ikamwandika mzima.

*

Matokeo yalitoka haraka, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kihistoria. Wagonjwa wote walijibu sijambo. Miguu yote ilikuwa nzuri. Ngazi zilikuwa nzuri pia. Profesa Sewando alilia machozi mbele ya waandishi wa habari.

"Ndugu zangu," alisema, "nimefanya tafiti nyingi, lakini takwimu hizi hazina ila! Hazina ila hata moja!"

Na hapo, wasikilizaji wangu, alisema kweli tupu.

Mkuu wa Nchi alifurahi akaamuru mabango yabandikwe mipakani: KARIBU KATIKA NCHI ISIYO NA ILA. Wizara ikatoa ufafanuzi kwamba kwa kuwa matende yameisha kutokana na kushirikishwa, Kliniki ya Miguu haina kazi na itafungwa. Itafungwa kwa shangwe. Mkuu wa Nchi mwenyewe atapanda mpaka ghorofa ya nne kukata utepe wa kuifunga, na huko juu atawakabidhi waliokuwa wagonjwa vyeti vya kutoumwa. Redio itarusha moja kwa moja.

Ijumaa iliyofuata Sihaba alifika barazani kwa Chande na beseni lake, akiwa na hasira za kukitosha kijiji kizima. Baraza lilikuwa tupu. Chande alikuwa ndani, amelala kifudifudi, shuka imelowa, mguu wa kushoto mwekundu na wa moto.

"Bwana Chande! Hujambo?"

"Sijambo," Chande alisema.

Sihaba alisubiri. Alisubiri ile ila, kama mtu aliyesikia jirani wa ghorofa ya juu akivua na kuangusha kiatu kimoja anavyosubiri cha pili, lakini haikuja. Chande aligeukia ukuta. Katika maisha yake yote Sihaba hakuwahi kusikia sijambo iliyokauka namna ile, na ilimtisha kuliko homa yenyewe. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, bila kujificha. Alipomaliza alijifuta kwa kanga.

"Sikiliza, bwana we," alisema. "Siku ya sherehe watatupandisha wenyewe. Dawa iko kule juu mpaka utepe ukatwe. Tutapanda, hata kwa makalio."

*

Siku ya sherehe itifaki ilikuwa imepangwa barabara. Mbele atapanda Mkuu wa Nchi, akibebwa kwenye kiti kwa sababu magoti yake yalikuwa ya heshima. Nyuma watapanda Profesa, wataalamu, mabalozi na bendi ya tarumbeta. Wagonjwa watakuwa katikati. Na mpima ardhi alisimama chini na kipaza sauti akionya kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote, wa juu au wa chini, kumpita mgonjwa, kwa kuwa akishapitwa hatakuwa tena katikati na sera nzima itaanguka.

Tarumbeta zikalia. Wakapanda. Sihaba alimshika Chande kwapani upande mmoja, ukuta ukamshika upande mwingine. Ghorofa ya kwanza wakaivuka. Ya pili wakaivuka kwa kutambaa. Ngazi za kwenda ya tatu zilikuwa nyembamba kuliko zote. Walipofika katikati yake Chande akasema, "Basi," akakaa.

Sihaba akakaa ubavuni mwake. Miguu yao mitatu mikubwa na mmoja wa kawaida ikajaza ngazi kutoka ukuta hadi ukuta. Waliokuwa nyuma wakagongana, tarumbeta moja ikamwingia balozi mgongoni.

"Pandeni!" Profesa aliita kutoka chini.

"Hatuwezi, baba."

"Basi wapisheni wengine!"

"Haiwezekani!" mpima ardhi alipiga kelele, anatokwa na jasho la kitaalamu. "Nimepima! Wamekaa katikati hasa ya jengo! Wakisogea hata kidogo, sera imekwisha!"

Wakakwama. Saa ya kwanza ilipita kwa nyimbo. Saa ya pili ilipita bila nyimbo. Huko juu, Mkuu wa Nchi alikuwa amekunywa madafu ya kukaribishwa, na yalikuwa madafu mengi, na vyoo vya juu vilikuwa vimefungwa visichafuke kabla ya sherehe. Wabeba kiti walimwona anabadilisha mikao.

"Kuna nini huko chini?" hatimaye aliita. "Hamjambo?"

Tumsifu, aliyekuwa ngazi moja nyuma ya Sihaba ameshika maikrofoni ya redio, aliitazama maikrofoni, akamtazama Chande anayetetemeka. Akaiweka mdomoni kwa Sihaba.

"Hatujambo, mheshimiwa," Sihaba alisema, na nchi nzima ikasikia. "Ila."

Akanyamaza. Hakuongeza neno. Alikaa na ile ila yake akangoja, kama anavyongoja barazani.

"Neno la kwanza limepatikana!" Profesa alipaza sauti. "Hatujambo! Piga tarumbeta!"

Lakini mpiga tarumbeta alikuwa mtu wa nchi ile, na nyumbani alikuwa na mama. Aliishusha tarumbeta yake. Uwanjani nje, sokoni, vinyozini, kwenye kila redio, ila ilikuwa imetamkwa na haijamaliziwa, na watu wale hawawezi kabisa kuvumilia jambo hilo. Wanawake wakaacha kupima mchele. Kinyozi akabaki na mkasi hewani na mteja akiwa na nusu ya nywele. Kisha kutoka dirishani ikaingia sauti ya uwanja mzima: "Ila niniii?" Ikafuata ya soko. Ikafuata nyingine ya mbali isiyojulikana ni ya wapi.

Na juu kule, Mkuu wa Nchi, ambaye naye alizaliwa na mtu akalelewa kwa adabu kabla hajapewa walinzi, neno likamponyoka. "Ila nini, mama?"

"Ila Bwana Chande anaungua na homa hapa nilipo," Sihaba alisema. "Atakufa kwenye ngazi hizi mkimpigia tarumbeta! Dawa iko juu na miguu iko chini. Tunauliza hivi, baba, tangu zamani tunauliza na hakuna aliyetuacha tumalize: kwa nini Kliniki ya Miguu iko ghorofa ya nne?"

"Sewando!" Mkuu wa Nchi aliita. "Kwa nini?"

Profesa alikohoa. "Mheshimiwa, ghorofa ya chini imekaliwa na Kitengo cha Kuwarahisishia Wagonjwa Kufika. Walisema wao hawawezi kupanda ngazi."

Kicheko kiliingia kutoka dirishani kwa kishindo, na safari hii hata mabalozi walicheka, bila kusubiri tafsiri.

"Nitashukaje mimi?" Mkuu wa Nchi aliuliza, sauti imembana.

Chande akafungua macho. Yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa macho ya Chande. "Mheshimiwa, mimi niko katikati kwa amri yako. Kliniki ikishuka, nashuka nayo. Isiposhuka, nipo nipo tu."

"Ishuke!" Mkuu wa Nchi alifoka, magoti yamegandana. "Ishushwe sasa hivi, nami nishuke!"

Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumpita mgonjwa, kliniki ilipitishwa juu ya vichwa vyao. Benchi lilikuja mkono kwa mkono. Pazia likaja. Mzani ukaja. Muuguzi mwenyewe, mama mwembamba aliyekaa huko juu akiona mguu mara moja moja tu, alikuja kwa mikono ya walinzi amekumbatia boksi la dawa. Boksi lilipokuwa linapita kichwani kwa Sihaba kuelekea kwa wataalamu, kama lile sinia, Sihaba aliinua mikono yake miwili akalidaka.

"Hili linaishia hapa," alisema.

Chande alimeza dawa pale pale, kwenye ngazi, na maji ya chupa ya balozi.

*

Kliniki ya Miguu iko chini hadi leo. Kitengo cha Kuwarahisishia Wagonjwa Kufika kilihamishiwa ghorofa ya nne, kikapewa jina jipya, Idara ya Kupokea Ila, na kila mwananchi mwenye ila anakaribishwa apande wakati wowote. Mchoro wa lifti umepakwa rangi upya. Profesa Sewando alipata nishani, kwa kuwa utafiti wake ulithibitisha kwamba kliniki zina uwezo wa kushuka, na sasa anatafiti kama hospitali nazo zinaweza. Mabango ya mipakani hayajaondolewa, ila kuna mtu anayazungukia akiongeza neno "nini" mwishoni, na polisi bado wanamtafuta.

Tumsifu aliwekwa kwenye Idara ya Kupokea Ila, huko juu, peke yake na ile mashine. Alikaa siku nyingi hajaona mtu. Ijumaa moja alivua viatu, akashuka ngazi zote peku, akawakuta Kikundi Kidogo cha Wenye Miguu Mikubwa wamejipanga na mabeseni kwenye kivuli cha kliniki. Sihaba alimsogezea beseni la ziada bila kumuuliza. Binti alitumbukiza miguu, akafumba macho, akasema "Aah" kwa muda mrefu. Mashine aliilaza chini akaifanya kigoda, ikalia ti kidogo, ikanyamaza.

Chande alikuwa mkabala naye. Mguu wake ulikuwa mkubwa vile vile, lakini haukuwa na moto, na alikuwa anakausha katikati ya vidole, kidole kwa kidole.

"Hujambo, Bwana Chande?" Tumsifu aliuliza.

"Sijambo, mwanangu," alisema fundi, akameza mate.

Tumsifu akasubiri.